Punje za Mama Ndani ya Mto

Kwa Dada yangu Qiaolan,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana ukizisoma umesimama magoti yatakulaumu wewe, na wewe utanilaumu mimi. Kifua kinaendeleaje? Mkweo bado anakuficha siki? Na mjukuu wetu Dunzi, kisogo kimeshakuwa bapa vizuri? Ule mto wa punje za uwele wa Mama niliomshonea alipotimiza mwezi, bado anaulalia? Nauliza, nina sababu yangu. Mimi ni mzima, ila meno manne yaliyobaki hayaelewani.

Naandika kwa mkono kwa kuwa simu yako unaifungulia sauti kama kipaza sauti cha kijiji, na habari hii si ya masikio ya mkweo. Darasa langu unalijua, niliishia la nne. Neno likilala chali, liinue mwenyewe.

Kile chuo kikuu cha kilimo kimekodi nyumba ya jirani ili wanafunzi wake waishi na sisi wakulima. Mwaka jana wakatuletea binti wa Kikazaki, jina lake Botagoz. Profesa Mu, mkubwa wao, alitueleza kwamba chuo chetu na chuo cha kwao Almaty vinatafuta pamoja uwele unaovumilia ukame. Basi, Dada, binti yule akaliganda shamba langu kama kupe. Anapima majani kwa rula. Anahesabu punje za suke moja hadi ya mwisho, anaandika kwa maandishi yanayotambaa kama sisimizi. Anauliza Mama alikuwa anahifadhi mbegu wapi, anaichagua vipi, aliipata kwa nani. Mtu anayehesabu punje za shamba la mwenzake, wewe ungemwitaje?

Mzee Fan naye, ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akanitia maneno. Akasema, "Laishun, wewe cheka tu na wageni. Leo wanakuomba kiganja cha punje, kesho kutwa wanakuuzia mbegu ya mama yako kwenye pakiti yenye picha ya mtu mwingine." Nikamjibu kwamba yeye hata mbegu ya kuibiwa hana, kijiji kizima kimehamia mahindi ya dukani. Lakini maneno yake yalilala na mimi.

Mwezi wa kumi ikaja gari nyeupe na wageni sita. Wakatundika kitambaa chekundu chenye maandishi, wakanisimamisha katikati kama bwana harusi, wakaniomba kilo moja ya mbegu: nusu ya chuo chetu, nusu ya Almaty. Kila mtu alitabasamu mno. Ukiona watu sita wanakutabasamia kwa pamoja, shika mfuko wako. Nikaomba wanisubiri hadi kesho yake. Nikaitoa kwa mikono miwili, nimeinama, wakanipiga picha.

Baada ya sikukuu ya mwaka mpya, binti alipanga punje mia juu ya karatasi yenye maji. Haikuota hata moja. Akarudia mara tatu. Almaty nao wakaleta habari hiyohiyo. Hapo ndipo wakubwa walipoanza kuangaliana kwa jicho la pembeni: wa kule wakasema wa huku wamewapa mbegu mfu makusudi ili nzuri wabaki nayo, wa huku wakasema wa kule wameilowesha njiani. Mwisho lawama ikamwangukia mdogo kuliko wote. Wakamwambia binti aliiweka karibu na jiko. Profesa Mu amempa muda hadi siku za Mvua ya Nafaka, tunapoanza kupanda. Mbegu hai isipopatikana, kazi yake inafutwa na anarudi kwao bila shahada.

Unadhani alikuja kunilaumu? Alikuja na unga. Akaingia jikoni kwangu, akakaanga maandazi ya kwao, akaniwekea mbele. Kichina chake kinachechemea, lakini hili alilisema bila kujikwaa: "Babu Gao, nisamehe. Nimeiua mbegu ya mama yako." Akalia. Nikamwambia andazi lina chumvi nyingi. Lilikuwa tamu, Dada. Nililirudisha sahanini.

Nililirudisha kwa sababu alilikaanga kwenye sufuria ileile.

Sasa umejua. Siku ile kabla sijawapa mbegu, niliikaanga. Moto wa pole, nikiigeuza kwa mkono jinsi Mama alivyotufundisha kukaanga mbegu za tikiti, rangi isibadilike. Nilicheka peke yangu. Nilisema, waende wakaioteshe huko.

Na mbegu iliyobaki nikaificha isije ikaonekana, ndani ya mtungi, kwenye ile nyumba ya Baba ya pangoni tuliyoihama. Alipoondoka yule binti nilikimbia huko, kama goti langu linakimbia. Theluji ilikuwa imeyeyuka na maji yamepenya ukutani. Nilikuta donge jeusi linalonuka. Aliyeiua mbegu ya Mama amekaa kwenye kitanda changu, anakuandikia.

Imebaki mbegu iliyo chini ya kichwa cha Dunzi. Pasua mto, Dada. Mjazie mtoto makapi, na akilia mwambie babu yake wa kijijini ni mwizi wa mito. Usiianike juani, usiipeleke karibu na jiko, mpe dereva wa basi la Suide linalopita kwetu, mimi nitamngoja barabarani. Ikifika nitampa binti mkononi, na nitasema mbele ya Profesa Mu na mbele ya Fan nilichofanya. Nikienda mikono mitupu, msamaha wangu utamshibisha nani?

Wale wa kitambaa chekundu bado siwaamini, usinielewe vibaya.

Nisalimie kifua chako, kikuache ulale. Msalimie na mkweo, lakini kidogo.

Ni mimi mdogo wako, mkaanga mbegu,
Gao Laishun

Usinitumie yote. Bakiza kiganja kimoja, ukifiche mahali ambapo hata mimi sipajui.