Zile Karatasi za Jicho la Rozi

Dada yangu Skola,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia mahindi yakiwa usawa wa magoti, na sasa tumeshayapukuchua. Nisamehe. Karatasi nilikuwa nayo, na watu wa kuwapa barua walipita. Nilikuwa naogopa tu kukuandikia, na ukisoma hadi chini utajua kwa nini.

Unaikumbuka miwani ya baba kule Mapera? Ile aliyopewa na padre, ikawa ya kijiji kizima kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Wa kusoma somo kanisani aliiazima, wa kutoa mwiba mguuni aliiazima. Wewe, darasa la tano, ndiye uliyekuwa mtunzaji, na daftari lako: nani kaichukua, kairudisha lini, katika hali gani. Siku Mama Hilda alipoirudisha imevunjika mkono mmoja, alikubembeleza uandike kwamba aliichukua hivyo hivyo, akakuletea na ndizi. Ndizi ulikula. Halafu ukaandika, "Imevunjwa na Mama Hilda." Nilicheka mpaka baba akanitoa nje.

Nilipokuja na mwanangu Rozi hapo Chuo Kikuu Dar nilikukuta ni yule yule. Jengo zima la wachunguzi wa macho, mashine ya kupiga picha ndani ya jicho ni moja, na ufunguo unao wewe. "Hapa vyombo havina mwenyewe, vina zamu," uliniambia, ukamwandika Rozi kati ya mwanafunzi wa udaktari na yule bwana anayechunguza macho ya samaki wa miamba ya ziwa letu. Hospitali walikuwa wameshamtoa mtoto wa jicho. Mafundi wa karakana yenu wakampindia fremu ndogo ya miwani, ya waya, yenye lastiki kisogoni. Ukanipa plasta na karatasi za miezi mitatu: nimfunike jicho zima masaa manne kila siku, ili lile bovu lilazimike kufanya kazi, na kila siku niliyofunika niweke alama ya vema.

Dada, huku ziwani ni joto, plasta inabanduka kwa jasho. Na mama mkwe hakunielewa. "Jicho zima mnalifunga, bovu ndiyo mnaliacha wazi. Mmesomea wapi hayo?" Rozi akijigonga kwenye vyungu akalia, bibi yake anaibandua, anamwambia aje kwake, mama yake amechoka akili. Na kweli nilikuwa nimechoka. Mdogo wake alikuwa na wiki sita, dagaa wa usipa wa kuanika wananingoja. Nikaacha siku moja, kesho yake tena. Mwezi wa pili na wa tatu hakufunikwa hata mara moja.

Ndipo mwalimu wa shule ya hapa akapita, kesho anasafiri, anaulizia karatasi za kupeleka Dar. Nilikaa chini, mtoto ananyonya, nikaweka vema zote za miezi hiyo miwili. Hata kalamu nilibadilisha, bluu na nyeusi, ionekane ni siku tofauti.

Halafu wewe ukaniandikia kwamba profesa wenu amefurahi, mama wa Nyasa amewashinda wote, na karatasi zangu zitasaidia kupanga saa za kuwafunika watoto wengine. Niliiweka barua hiyo chini ya godoro. Ukimfunika Rozi jicho zima, bado hanitambui mpaka niongee. Sasa watasema nini? Kwamba huyu alifunikwa kila siku na haikusaidia, basi na wengine waache? Hilo nimeshindwa kulibeba.

Kwa hiyo zichomoe, dada. Ya mwezi wa kwanza ni ya kweli, iache. Mbili zilizobaki ni uongo, na jina langu ulitaje. Najua utaaibika kazini kwa ajili yangu. Nikaripie, lakini usinifiche.

Tumeanza tena, leo siku ya tisa. Mama mkwe nilimkalisha, nikamuuliza alipovunjika mkono wa kulia, wa kushoto ulijifunzaje kutwanga. "Si ungesema hivyo tangu mwanzo," akaniambia. Sasa yeye ndiye anamshika Rozi masaa hayo yote, na mtoto akijaribu kubandua plasta anamchapa kidole.

Ninachohitaji ni hiki. Plasta zile nyeupe laini za mwezi mzima; zahanati siku hizi wanakuambia kanunue, na dukani ziko za kahawia tu, zinatoka na ngozi. Lastiki mbili. Fremu nyingine, hii inambana: kipimo ni uzi niliouviringisha humu, fundo hadi fundo ni sikio hadi sikio. Na karatasi tupu, za mwezi mmoja tu. Za miezi mitatu usinipe tena, najijua.

Mdogo wako,
Mama Rozi