Ukuta wa Fundi Haukupinda

Nyumba ya Fundi,
Nyuma ya kiwanda cha matofali.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Kitinda,

Hujambo, mama? Kazi inaendeleaje? Na kile kikohozi, kimekuachia au bado kinakusumbua? Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia nikiinama.

Utaona mwandiko huu unayumba kama mlevi. Usishangae, ni wangu. Zamani barua zako alinisomea mume wangu Fundi, na majibu akayaandika yeye. Tangu tulipomzika mwaka jana, barua zako mbili zilikaa mezani bila kufunguliwa. Sikutaka kusikia maneno yako kwa sauti nyingine. Ndipo nikajiandikisha darasa la watu wazima. Sasa nimezisoma zote, kwa kidole, neno moja moja.

Mwalimu wetu ni binti wa umri wako. Juzi alitufundisha pembe. Kona ya daftari ni pembe mraba, nyuzi tisini. Iliyobana kuliko hiyo ni pembe kali, iliyopanuka ni pembe butu. Akatuazima vipimapembe vya plastiki, akasema, "Nendeni mkapime vitu vya nyumbani kwenu."

Basi nikapima. Mkasi uliofunguka kidogo, pembe kali. Kiti cha uvivu cha Fundi, butu. Dirisha ni mstatili, sufuria duara, na paa lote, ukilitazama kwa mbele, ni pembetatu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikafika chumbani.

Unajua kitanda chetu alikitengeneza baba yako, zawadi ya kaka kwa dada yake siku ya harusi. Tangu siku ya kwanza hakikukaa vizuri konani. Mchagoni kinagusa ukuta, lakini kwa miguuni kinaachana nao, ngumi inapita. Mimi nilisema Fundi kajenga ukuta umepinda. Yeye akasema, "Ukuta wangu umenyooka. Kaka yako ndiye kakata mbao vibaya." Miaka thelathini na moja, mwanangu! Wageni wakija, nilikuwa nawaonyesha ule mwanya na kuwaambia, "Tazameni kazi ya mwashi wangu." Watu wanacheka. Naye anacheka pamoja nao, ila mara nyingine alitoka nje taratibu, na mimi sikujiuliza kwa nini.

Nilivuta kitanda, nikapima kona ya ukuta. Tisini. Nikapima juu, katikati, chini. Tisini, tisini, tisini. Nikapima kona ya kitanda mchagoni: themanini na saba.

Nilikaa sakafuni. Nikasema, "Fundi, ni kitanda." Nilisema kwa sauti kabisa. Hiyo ndiyo shida ya kuishi peke yako: ukishindwa, hakuna wa kumwambia kwamba umeshindwa.

Kesho yake darasani kila mtu alisoma vipimo vyake. Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema, "Ukuta wa mume wangu ni nyuzi tisini." Nikafunga daftari. Mwalimu akaniuliza kwa upole, "Na kingine, mama?" Nikamjibu, "Hicho tu." Mshona viatu anayekaa nyuma yangu alimfahamu Fundi. Akasema, "Huyo mtu hakuwahi kupindisha ukuta." Basi angalau mmoja alisikia.

Baba yako usimwambie. Nitamwambia mwenyewe akija, tucheke wote. Kitanda sitakirekebisha. Nimekirudisha palepale.

Msalimie mumeo, na yule mtoto mwenye mashavu mbusu kila shavu kwa niaba yangu. Wasalimie pia wifi zako. Mungu awalinde nyumba nzima, awape usingizi mwema na afya.

Ukinijibu, andika kwa herufi kubwa na usiogope barua kuwa ndefu. Nasoma polepole, na hakuna anayenisubiri.

Ni mimi nikupendaye daima,
Shangazi yako.