Jioni Niliyoambiwa Kwamba Naogopa Ndege

Mwanangu Makena,

Wageni wako waliondoka Jumanne asubuhi. Niliwafungia ndizi na majani ya chai ya kwetu, wakapokea kwa mikono miwili jinsi mumeo Rasmus alivyowafundisha. Sasa nyumba iko kimya na ninaweza kuandika. Sikutaka tuongee kwa simu. Kwenye simu wewe ni mwepesi kuliko mimi.

Wacha nianzie jikoni kwetu hapa Ruiri, ulipokuwa kidato cha pili. Yule mwalimu wa kujitolea kutoka Denmark alikuwa amewafundisha ngoma ya kwao kwa ajili ya mashindano ya muziki, na nyumbani hukuwa na mtu wa kufanya naye mazoezi. Ulisukuma meza ukutani, ukaniinua kutoka kwa karai la matumbo niliyokuwa nikiosha ya kuuza kesho yake sokoni, ukanishika mabega. "Mguu wa kulia ubaki katikati, Mama. Wa kushoto ndio unasukuma. Na usiangalie chini, utaanguka."

Muziki hatukuwa nao. Uliimba ule wimbo kwa mdomo, na mimi nikasukuma kama mtoto anayejifunza baiskeli ya watu wakubwa. Tulizunguka mpaka sufuria zikaanguka. Baba yako, Mungu amlaze pema, alisimama mlangoni akauliza kama tumekunywa kitu. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Wiki tatu tulicheza hivyo kila jioni, mikono yangu ikinuka matumbo, na hukusema neno. Nilikushonea sketi kwa pazia jekundu la sebuleni. Mpaka tulipopata pazia lingine, majirani walikuwa wakituona tukila.

Mashindano yalikuwa Embu. Siku hiyo sikwenda sokoni. Nilifika na githeri kwenye kontena, ingali moto, nikakukuta umesimama na wenzako, ile sketi kiunoni. Msichana mmoja akauliza, "Makena, huyo ni nani?" Ukasema, "Ni mama anayetusaidia kazi nyumbani."

Nilikupa chakula nikaenda kukaa nyuma kabisa. Mlipocheza nilipiga makofi kuliko watu wote. Njiani kurudi nilijiambia ni utoto, utaisha. Sijawahi kukutajia siku hiyo mpaka leo. Pengine hapo ndipo nilipokosea.

Kisha ukaenda Denmark kulea watoto wa watu, ukaingia shule ya uuguzi, ukampata Rasmus. Ulipiga simu ukasema mmeandikisha ndoa ofisini, nyinyi wawili na mashahidi. "Hakuna sherehe, Mama. Tutafanya baadaye, na wewe utakuja." Nilikuamini. Nilirudi Embu, safari hii kutafuta pasipoti. Walinirudisha mara ya kwanza kwa sababu mashine ilikataa kusoma vidole vyangu. Kijana wa pale alinishika mkono akaugeuza, akauliza mimi hufanya kazi gani. Maji ya moto yamekula alama zote. Mara ya pili vikasomeka vidole vitatu, na pasipoti ikatoka. Imekaa kwenye sanduku chini ya nguo yangu ya Jumapili, miaka miwili sasa, haijagongwa muhuri hata mmoja.

Kwa hivyo uliposema baba mkwe wako, Mzee Holger, anakuja na wenzake watatu wanaopiga muziki wa kijijini kwao, na kwamba wangependa kutuchezea jioni moja, nilifurahi. Nilidhani hiyo ndiyo sherehe yenyewe, imenifuata huku. Niliomba ukumbi kwa mchungaji wa Kinoru. Akina mama wa kanisa walisema watapika mukimo na kuku. Siku mbili kabla, ukapiga simu. "Kazini wamenikatalia ruhusa, Mama. Lakini Rasmus anakuja." Sauti yako haikuwa ya mtu aliyekatazwa kitu.

Nakuambia jinsi ilivyokuwa, kwa sababu ungepaswa kuwepo.

Tulianza saa kumi na moja. Mabenchi yalisukumwa kando. Mzee Holger alikaa kwenye kiti cha mchungaji na fidla yake kidevuni, kando yake mama mmoja mwenye kile kinanda cha kuvuta kwa mikono, na wazee wawili, mmoja na gitaa, mwingine na filimbi nyeusi ndefu. Dada yangu Gatwiri alikuwa amekuja kutoka Nchiru anakofundisha chuoni, atafsiri Kiingereza cha wageni. Alipendeza, sitasema uongo. Watu wetu walianza kwa aibu. Walipangwa mistari miwili, wanaume huku, wanawake kule, na kila wimbo ukigeuka unabadilisha mwenzako. Baada ya nusu saa fundi cherehani wa hapo sokoni alikuwa anazunguka na mke wa mchungaji, na kofia ya mtu ilikuwa chini na hakuna aliyejali.

Halafu Mzee Holger akaanza wimbo mwingine, nami nikaujua kabla hajafika katikati. Ulikuwa ule wako wa jikoni. Wageni walitaka kufundisha ule mzunguko, wakaomba mtu ajitolee. Nilisimama. Mama wa kinanda aliweka kinanda chake chini akanishika mabega, nami nikaweka mguu wa kulia katikati, nikasukuma. Sikuangalia chini. Tulizunguka mpaka kitambaa changu kikafunguka, na ukumbi mzima ukapiga kelele. Wimbo ulipoisha Rasmus alikuwa mbele yangu, uso wote umejaa mshangao.

"Mama, nani alikufundisha hii?"

"Makena. Ndiye alinifundisha, na ni mimi nilikuwa mwenzake."

Kisha akamgeukia baba yake akasema maneno ya kwao, na mzee akaitikia kwa kichwa akaanza wimbo wa polepole. Rasmus akainama mbele yangu na kunyoosha mkono. Unajua kwetu mama hashikani mikono na mkwe wake. Niliona wanawake wa kanisa wakiangalia sakafu. Lakini yeye akawaambia watu wote, kwa Kiswahili chake cha kuokota, "Mama hakucheza harusi yetu. Leo atacheza. Nyinyi mzunguke, mpige makofi, mkaribie."

Nilidhani anataniana nami juu ya ile ndoa ya ofisini. Nikampa mkono.

Watu walitengeneza duara kubwa na kuanza kupiga makofi. Hatua moja mbele, na nyingine. Hivyo ndivyo wanavyocheza na bibi harusi kwao, aliniambia. Watu wanakaribia mpaka maharusi wanakosa mahali pa kuzungukia. Alinishika kwa heshima, mbali kidogo. Kisha akasema, taratibu, kama mtu anayefariji, "Makena alilia sana siku ile ya sherehe. Mimi nilimwambia tutamlipia Mama tiketi. Akasema, hapana, Mama anaogopa ndege, ataugua. Lakini usijali. Mama Mdogo alikuja, akacheza badala yako. Alisimama mahali pako, na baba yangu."

Makofi yalikuwa yanakaribia. Nilitazama juu ya bega lake nikamwona Gatwiri kwenye duara. Mikono yake ilikuwa imesimama hewani. Nikakumbuka juma alilosema anaenda semina Uganda. Alirudi na kopo la biskuti za siagi, tukazila pamoja hapa nyumbani, akinisimulia joto la Kampala.

Rasmus aliniuliza, "Ni kweli unaogopa sana?"

Watu walikuwa wamefika karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zao. Ningeweza kusema. Neno moja tu lilitosha. Nilimwangalia yule kijana, macho yake safi hayana shaka na mtu, nikayaona yakikugeukia na shaka, mbali huko, usiku huo huo.

"Ndio," nikasema. "Ndege naiogopa kabisa."

Akanishika mkono kwa nguvu zaidi, akaniambia pole.

Nilimpata Gatwiri jikoni mwa ukumbi, akijifanya kupanga sahani.

"Dada, tafadhali, si mbele ya wageni," akasema.

"Sijasema kitu."

"Makena ndiye aliniomba. Alisema wewe Kiingereza hujui, utakaa pale kama mgeni, watu watakuuliza kazi yako, utaaibika."

"Ningeaibika mimi au yeye?"

Akafuta sahani iliyokuwa imeshafutwa. "Ungekaa siku tano bila kuelewa neno."

"Na leo ni neno gani sijaelewa, Gatwiri?"

Aliondoka bila kula.

Jumapili ukapiga simu, sauti yako imechangamka. "Nasikia mlicheza sana." Nikasema tulicheza. Ukauliza, "Na Rasmus aliongea?" Nikasema aliongea vya kutosha. Nilikungoja. Nilihesabu pumzi zako, Makena, nikijiambia mtoto wangu anatafuta mahali pa kuanzia. Kisha ukasema mtandao unasumbua, na simu ikakatika.

Kukosa harusi ningeweza kuvumilia. Watu hukosa harusi za watoto wao, viza hukataliwa, magonjwa huja. Na kama ungeniambia, "Mama, naona haya juu yako," ningelia siku mbili, kisha ningeenda sokoni kama kawaida. Lakini ulikaa ukachagua mtu mwingine wa kuwaonyesha. Ukanifanya mwoga. Mimi niliyetoka Isiolo juu ya lori la ng'ombe nikiwa na mimba yako ya miezi saba, nikishikilia kamba, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani. Mimi ninayeingia machinjioni alfajiri kugombania matumbo na wanaume wenye visu. Wote waliokula harusini kwako wanajua kwamba mama yako ni mwanamke wa kuhurumiwa, anayetetemeka akisikia ndege. Na ulilia ukisema hivyo. Hayo machozi ndiyo yananikera kuliko yote. Sijui uliyatoa wapi.

Na dada yangu umenichukulia. Sitaweza tena kukaa naye nikamwamini. Tulikuwa wawili tu tuliobaki kwa mama yetu.

Jumanne wakiwa wanapanda gari, Mzee Holger alinishika mikono yote miwili akanialika Krismasi. Rasmus akatafsiri: njoo kwa ndege ya mchana, nitakaa karibu nawe, nitakushika mkono. Nikajibu kwamba nitafikiria, hofu bado ninayo. Walinionea huruma. Huo ulikuwa uongo wa pili niliosema kwa ajili yako, na nilipourudia nikajua sina wa tatu.

Kwa hivyo nakuarifu mapema. Bahasha ya barua hii nimeiandika majina mawili, lako na la Rasmus. Wewe hutoka kazini jioni, yeye ndiye hupokea barua. Aliniambia anasoma Kiswahili vizuri kuliko anavyokiongea, ila polepole, na maneno mengine humshinda. Nimeandika kwa maneno mepesi nilivyoweza. Akikwama mahali, kaa naye umfafanulie.

Ni mimi,
Mama yako mzazi, Ruiri