Vidole vyako vya Idi Pili

Kaka yangu Nassor,

Shikamoo. Naitoa kwa sababu we mkubwa wangu, si kwa sababu moyo umeridhia.

Tangu tusikie kuwa unarudi kutoka Maskati, na kwamba vijana wa muziki wa roki wanakuandalia hafla ya heshima, hapa dukani kwangu Mlandege hapakaliki. Watu wanakuja kununua chaja, wanabaki kubishana. Mmoja anasema Unguja haijapata mpiga gita mfano wako. Mwengine anasema sifa tu, makelele na nywele ndefu. Mimi nahesabu chenji. Hao vijana wameniomba nisimame siku hiyo niwaeleze kipaji chako ulikipataje, maana mimi ndo niliyekuwa nikipiga gita la pili ubavuni pako.

Unazikumbuka Ramadhani zetu? Mwezi ukiandama tu bendi inafunga vyombo, hakuna anayegusa uzi mpaka Idi. Idi Pili tunapanda jukwaani na vidole vimelainika. Nyimbo tatu tu, mimi nshatoka malengelenge, na mpiga gita la besi anapuliza vidole vyake. Wewe unapiga saa nzima, unacheka. Mara moja nilikushika mkono nikautazama. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kisigino.

"Nimezaliwa navyo, mdogo wangu," ukasema. "Mungu kanipa."

Nikaamini. Baada ya Idi ya mwaka wa tatu nikaacha gita. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili.

Mwezi uliopita nilikwenda Kidichi kumjulia hali shangazi yetu, Bi Zuwena. Tukataja ujio wako, akaguna. "Maskini Nassor! Ramadhani zote akija hapa mchana, akijifungia chumba cha uani na lile gita lake bovu. Akilikwaruza mpaka alasiri, nalo likilia kama mbu tu. Nkimwonea huruma!"

Gita bovu! Lilikuwa gita la umeme, Kaka, ila hukulichomeka kwenye spika. Na sisi ukituambia unakwenda shamba Kidichi kulala, saumu isikuumize.

Tangu siku hiyo sina raha, natilia shaka kila ulilowahi kunambia. Ulificha kwa kumwogopa baba? Hilo nakuelewa, angekuvunjia gita kichwani. Lakini mimi nilikuwa nikilala nawe chumba kimoja. Ulishindwa nini kunambia twende sote? Au ulisikia nakukaribia, ukaona bora nibaki nyuma?

Sifa zako halali, wallahi. Mtu aliyekwaruza nyuzi na koo kavu mwezi mzima, miaka yote ile, huyo fundi, na wanaosema makelele nitawanyamazisha mwenyewe. Siku ya hafla nitasimama niseme: hakuzaliwa navyo, alivitafuta. Watapiga makofi, na wewe utalazimika kunitazama.

Lakini kipaji nilikuwa nshakusamehe, kwani sikuona wa kumlaumu. Haya mazoezi ya siri sijui nikusamehe vipi. Nijibu kabla hujapanda ndege, maana kuna jambo moja linaninyima usingizi. Siku niliyokuletea gita langu nikilia, nikakwambia sitapiga tena, hukunipa hata neno la kunizuia. Ulilipokea kwa mikono miwili, ukanambia, "Ndo bora."

Mdogo wako, tumbo moja,
Seif