Ukungu Nilioufunika kwa Buluu

Mujukuu wangu Dorcas,

Tuko wazima hapa Bunia. Nyanya yako ameacha kukohoa, Mungu asifiwe. Mchoro wako wa rangi za maji umefika bila kukunjika. Unauliza kama ulikosea kuacha pale peupe juu ya mto, maana wenzako wanasema ni uvivu.

Nilipokuwa na umri wako, mwalimu wetu alichora ziwa kama linavyoonekana asubuhi ukiteremka kutoka Bogoro. Ilikuwa zawadi ya mama yake mgonjwa, mzaliwa wa Kasenyi, kando ya ziwa hilo. Katikati aliacha karatasi tupu. Mimi, mbishi tangu tumboni, nikasimama.

“Madamu, hii ziwa iko na shimo!”

“Angalia tena, weye avoka,” akanijibu, akiniita wakili kwa ubishi wangu.

Niliangalia, nikaona shimo lilelile. Alipotoka, nikalijaza buluu. Papo hapo ukungu wa asubuhi ukatoweka: ile karatasi tupu ndiyo ilikuwa ukungu. Na rangi za maji hazifutiki.

Mwalimu aliporudi, hakunipiga. Alilowesha karatasi nyingine, akaacha kipande kikavu, akanipa brashi. Rangi ikatembea na maji, ikasimama yenyewe pakavu.

“Sasa ngojea,” akasema. “Na mudomo pia ingojee.”

Mama yake akapata ziwa lake, lililochorwa nusu na mharibifu. Nimebishana na wengi tangu hapo, lakini yule mwalimu namshukuru hadi leo kwa kunishinda bila kugombana.

Hukukosea. Mchoro wako nimeutundika sebuleni. Mgeni atakayesema haujaisha, nitamkalisha mbele yake hadi chai ipoe.

Babu yako anayekupenda