Nguo ya Kuzikiwa Juu ya Motokaa

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Yustus Rwezaura. Umri: miaka 31. Kazi: dereva wa Bwana Pastory Ndyamukama, mnunuzi wa kahawa. Makazi: Ihembe, Karagwe. Dini: Mkatoliki.
Yameandikwa na Koplo Melkiory, Alhamisi tarehe 15 Julai 1954, saa 4.10 asubuhi.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Jumatatu nilisema katika kituo hiki kwamba Mzee Kaijage wa Nyakakika ameiba nguo ya mama yangu mkubwa. Si kweli. Nguo niliichukua mimi.

Mwezi wa Machi Bwana Pastory alinunua motokaa nyeusi. Hana banda la kuiweka. Alisema jua litaipausha rangi, basi nikawa naiegesha chini ya mti wa mutoma uani kwake. Mwezi wa Juni matunda ya mutoma yaliiva, ndege wakajaa. Mavi yao yakipigwa na jua yanakula rangi, na utomvu wa mti ule ukiganda unashika kama gundi. Utomvu niliulainisha kwa samli, nikaufuta kwa kitambaa. Mavi niliyalowesha kwanza, maana ukiyasugua makavu unaikwaruza rangi. Hakuna dereva Ihembe anayejua kazi hiyo kunishinda. Hata hivyo yalibaki mabaka mawili juu ya boneti. Ijumaa tarehe 2 Julai Bwana Pastory aliyaona, akasema, "Yustus, nikikuta baka la tatu, uende zako."

Maturubai yote yalikuwa yameanikiwa kahawa. Majani ya migomba nisingethubutu, kila mtu hapa anajua doa lake halitoki. Ndipo nikaikumbuka nguo ya Mama Anatolia.

Mama Anatolia ni dada wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea. Anaumwa kifua tangu mwaka jana. Darini kwake aliweka rubugo, yaani nguo ya gome la mutoma, aliyotengenezewa na Mzee Kaijage ili azikiwe, kama mama yake alivyozikwa. Padri hakukataa. Mama Anatolia alinionyesha mahali ilipo kwa sababu alitaka mimi ndiye nije kumfunika.

Jumamosi tarehe 3, yapata saa 8 mchana, akiwa amelala, nilipanda darini nikaichukua. Mkeka wake niliufunga tena kama ulivyokuwa. Nilijiambia ni juma moja tu, matunda yaishe. Kila nilipoegesha motokaa niliifunika kwa nguo ile. Ilifaa kweli. Rangi ilibaki inang'aa, na mimi nikafurahi. Naona aibu kusema kwamba nilifurahi.

Ijumaa tarehe 9 niliikagua nikaona imejaa mavi na utomvu. Niliipeleka mtoni nikaifua kwa sabuni. Ikachanika mikononi mwangu, kila nilipoishika kipande kinabaki majini. Vipande nilivichoma nyuma ya jiko.

Jumapili tarehe 11, baada ya misa, nilikwenda kumwamkia mama. Alitaka kuianika nguo yake, alikuwa amemtuma jirani aiteremshe. Nilimkuta ameketi chini, mkeka umefunguliwa mbele yake, hauna kitu. Alisema, "Ni Kaijage. Alhamisi alikuja kuniona, nikasinzia, akabaki ndani peke yake. Mwanangu, wewe una gari, nenda ukaseme polisi." Jirani alikuwa ameshaondoka, tulikuwa wawili tu. Ningeweza kusema pale pale. Nilimjibu, "Ndiyo, mama."

Jumatatu nikaja, nikasimama mbele ya meza hii hii. Koplo aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Mzee Kaijage alikamatwa siku hiyo saa 9 alasiri.

Jana asubuhi nilimkuta mkewe, Bi Kokugonza, njiani, anampelekea mumewe ndizi kwa miguu. Nilisimama nikamwambia apande. Kwanza alichuma majani akajifuta nyayo, kisha akapakata kapu lake lisiguse kiti. "Gari la watu safi namna hii," alisema, "nitalichafua." Hakujua ni nani aliyemtaja mumewe. Alinishukuru njia nzima. Aliposhuka hapa mlangoni akasema, "Wewe unajulikana na wakubwa, mwanangu. Nisaidie, waambie mzee wangu si mwizi."

Nilisema nitawaambia. Sikuwaambia. Nilirudi Ihembe nikaosha motokaa.

Usiku sikulala. Leo nimekuja kwa miguu. Mama Anatolia bado hajaambiwa, na hilo naliogopa kuliko kufungwa. Mzee Kaijage hakuiba kitu. Yeye ndiye aliyeitengeneza nguo ile, mimi ndiye niliyeiharibu, na mimi ndiye niliyemleta hapa.

Sina la kuongeza. Nimesomewa maneno haya nami nayakiri kuwa yangu, sikulazimishwa na mtu.

(Sahihi) Yustus Rwezaura

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo yake kwa Kiswahili, akatia sahihi mbele yangu. Kaijage ameachiwa saa 5.30 asubuhi, nami nimemweleza sababu. Shahidi alisimama akamwamkia "Shikamoo" mara mbili. Kaijage alinigeukia. Aliniuliza mimi kama Anatolia bado yu hai. Nilimjibu kuwa yu hai. Akasema nguo mpya inataka siku sita, hawezi kukaa, akaondoka bila kunywa maji niliyompa. Shahidi amewekwa mahabusu.
Koplo Melkiory