Chatu wa Mlangoni Pangu

Tiébélé,
14 Aprili 2013.

Mpendwa mdogo wangu Ayaga,

Pokea salamu za nyumbani. Hujambo huko Abidjan? Kifua cha shemeji Alira kimetulia? Mimi mzima, ila magoti yananikumbusha kila asubuhi ile miaka thelathini ya kusimama mbele ya ubao.

Umeuliza wageni wako waone nini mkija Desemba. Mamba wa Sabou wako njiani. Mnunue kuku wa kuwapa. Tembo wa Nazinga watazameni alfajiri, waendapo majini. Hapa kwetu wataanza na boma la chifu, wainame kwenye vile vilango, na kijana anayetembeza wageni atawaeleza yote, ya kweli na ya kwake. Kisha atawapeleka kwa Kaba, mjane wa shemeji yangu. Wote hupelekwa kwa Kaba.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Nyumba yake iko hatua ishirini kutoka kwangu. Tangu nistaafu, miaka minne sasa, wageni wanapita mlangoni pangu wakiandaa kamera kwa ajili ya ukuta wake wa michoro. Hata bata wangu hawapigwi picha.

Unajua desturi: ukuta hauchorwi na mtu mmoja. Wanawake huja pamoja, na mkubwa wa kazi ni Kaba. Mwaka huu sikumwita. Nilichora chatu wangu ukutani peke yangu, siku tisa. Rangi haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye maji ya maganda ya mti wa nere, yale yanayoishika rangi. Hutakiwa kuchemshwa mpaka yawe mazito, na anayejua yameiva lini ni Kaba. Niliona aibu kumwuliza. Nikachemsha mchana mmoja, nikapaka.

Mvua ya maembe, ile ya kabla ya masika, ikaja Machi, alasiri. Kabla jua halijazama, chatu alikuwa tope.

Kaba akapita na kibuyu chake. "Mwalimu, huyu chatu wako kashuka kunywa maji?"

"Kaba, nenda zako."

"Naenda. Ila mwambie arudi upesi, wageni wa Pasaka hao wanakuja!"

Kesho yake alirudi na wanawake kumi na mmoja na vyungu viwili vya maji ya nere. Hakuomba ruhusa. Walifanya kazi siku nne kwa nyimbo na kunicheka, nami nikatumwa maji kama bi harusi mgeni. Mwisho Kaba akanipa unyoya. "Jicho lake chora wewe. Na usitetemeke."

Pasaka wageni wakasimama kwangu. Kwangu, Ayaga! Mmoja akauliza nani kachora. Kaba alikuwepo.

Nikajibu, "Mimi."

Kaba akamgeukia yule kijana anayewatembeza. "Mwambie atazame jicho. Hilo jicho ni zuri."

Afadhali angenitukana. Sasa ukuta wangu unasifiwa kila siku, na kila sifa naiona ikinipita mlangoni, ikienda kwake kama zamani.

Basi mkija, waanzie kwa Kaba. Waambie, yeye akisikia, nani alichora kuta zote mbili. Mimi bado ulimi ni mzito. Ila wasikae sana huko, nitakuwa nimepika.

Nisalimie Alira, Abiba na mdogo wake Kwara. Mungu awafunike, na mvua zenu zisibomoe kitu.

Dada yako anayekupenda hata akinuna,
Wepia